Kabureta ya Kefa na Sikio la Dina

Kefa alirudi kutoka vita vya Burma akiwa na ufundi wa injini na sikio la kushoto lililokufa kwa mlio wa mzinga. Ufundi alimwonyesha kila mtu. Sikio alilificha. Hata Dina, mkewe, alijigundulia mwenyewe, alipoona kwamba akimwita kutoka upande ule haitikii. Miaka ilivyokwenda, na la kulia likaanza kufifia.

Misheni ya kule Iramba ilikuwa na boti moja katika Ziwa Kitangiri, ya kuwavusha wagonjwa na kumpeleka Nesi Raheli vijiji vya ng'ambo kila Jumatano. Injini yake ilikuwa kuukuu, imechoka kabla haijafika kwetu. Kefa peke yake ndiye aliyeweza kuiwasha. Asubuhi injini ikiwa baridi aliifunga choki, kile kifuniko cha kuzuia hewa, akavuta kamba mara tatu, na ikishika aliifungua choki taratibu. Kisha aliinama na bisibisi yake juu ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, akizungusha skrubu ndogo inayopima petroli. Hakuruhusu mtu kuigusa.

Lakini skrubu ile hurekebishwa kwa kusikiliza. Mwaka 1952 Kefa alikuwa hasikii tena vizuri, akawa anaacha petroli nyingi ipite. Injini ikatoa moshi mweusi, ikawa inakorofisha. Yeye alilaumu petroli.

Jumatano moja Dina alipanda boti kwenda kumwona dada yake ng'ambo. Walipofika katikati ya ziwa, injini ikakohoa ikazimika. Kefa alivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Akafunga choki, akafungua, akafunga tena.

"Baba Sara," Dina akasema kwa upole, "imeshiba kupita kiasi. Tangu wiki iliyopita inalia kama mtu mwenye mafua."

"Wewe unajua nini habari za injini?"

"Sijui. Nasikia tu. Kila siku nafua nguo pale gatini, naisikia."

Nesi Raheli akasema, "Baba Sara, mwache ajaribu. Jua linatuunguza."

Kefa alifungua plagi ya kuwashia moto, ikatoka nyeusi inanuka petroli. Aliifuta, akairudisha, akaacha choki wazi, akavuta. Injini ikashika kwa shida. Dina akachukua bisibisi na kuingiza skrubu kidogo kidogo ili petroli ipungue, kichwa amekiinamisha. Injini ilipopiga chafya mara moja, akairudisha nje kidogo, akaacha. Moshi ukakatika. Mlio ukawa mmoja, laini, usiokatika.

"Kumbe fundi ni Mama Sara!" Nesi Raheli akacheka.

Alisema kwa furaha tu, lakini neno lile lilimchoma Kefa kifuani. Miaka sita alikuwa ameitwa fundi yeye. Ugali wa jioni ile hakuumaliza. Siku zilizofuata, wanawake waliokwenda kuteka maji walimwita Dina "fundi" kwa utani, naye akicheka, na kila kicheko Kefa alikiona kama kinamlenga yeye. Alianza kumtazama mkewe kama mtu aliyemwibia. Wala hakikuwa kitu ambacho angeweza kumdai arudishe. Mwenzake alikuwa na masikio mawili mazima, basi.

"Usipande tena boti ile," akamwambia. "Ni kazi ya misheni, si matembezi."

Dina alimtazama, akaendelea kuchambua mtama.

Jumatano iliyofuata Kefa aliwahi gatini kabla ya wengine. Akasema moyoni kwamba skrubu haikukaa sawa. Hakuwa na sababu ya kusema hivyo, ila kwamba aliyeiweka ni Dina. Akaizungusha. Kwa kuogopa moshi, safari hii akaingiza zaidi, mpaka petroli ikapungua mno.

Siku hiyo alikuwamo Luciana, mjamzito aliyekuwa akipelekwa zahanati ya ng'ambo baada ya uchungu kuanza, na Nesi Raheli pembeni yake. Kefa aliona boti imeondoka vizuri. Mbali na gati Kefa akaongeza mwendo, injini ikazimika. Akavuta, ikashika, ikafa. Upepo ukawasukuma mpaka kwenye matete, ambako kiboko alikuwa anakoroma karibu. Luciana akalia kwamba hawezi kusubiri. Nesi Raheli akamwamuru Kefa ashike kanga iwe pazia, ageuze uso. Alisimama hivyo mpaka, kwa pembe ya jicho, akaona mabega ya Nesi yametulia, akajua mtoto ametoka. Kilio chake hakukisikia.

Wavuvi wenye mtumbwi waliwavuta mpaka gatini. Mama na mtoto walikuwa wazima. Dina alikuwa amesimama majini mpaka magotini.

Walipobaki wawili, Kefa akasema, "Skrubu niliigusa mimi."

"Najua. Mlipoondoka ilikuwa inapiga chafya. Nilipiga kelele, nikakimbia ufukweni nakuita. Hukugeuka."

Kefa alikaa chini kwenye mchanga. Kumbe watu wote pale ufukweni walikuwa wamemwona mkewe akimwita, naye akienda zake.

Mchungaji Mathayo wa misheni alipokuja kuuliza nani ataitengeneza injini, Kefa alimkabidhi Dina bisibisi.

"Mke wangu," akasema. "Mimi sisikii."

Tangu hapo Dina alipanda kila Jumatano. Kefa alivuta kamba na kushughulikia choki. Dina alikaa karibu na kabureta, akimpiga begani mara moja kumwambia ongeza mwendo, mara mbili punguza. Injini ile iliwatumikia miaka mingine mitano, haikuzimika tena katikati ya ziwa.

Wivu haukumwisha. Watu wakimsifu Dina, Kefa alikuwa akiinuka na kwenda kukaa mbele ya boti, mgongo kwao. Dina alimwacha akae. Baadaye alimpelekea maji ya kunywa, akakaa upande wa sikio la kulia, na kumweleza polepole jinsi injini ilivyokuwa ikilia siku hiyo.