Amotisa Ndefu

Fundi hupima kila kitu kwa kamba yenye mafundo, akiishika kwa meno, na habishani na mtu. Bénite, anayepeleka chanjo Alimbongo kwa pikipiki ya magurudumu manne, alitaka amotisa mpya, ndefu, ya kumeza mitikisiko ya nyuma, ingawa mkono unaoshika magurudumu ya nyuma ulikuwa umefupishwa. Fundi akaifunga; nyuma ya pikipiki ikainuka juu. Akaingiza magurudumu ya mbele mferejini, pikipiki ikainama kama iko mteremkoni, akamgeukia mama yake Bénite, aliyekuwa akiitazama mikono ya fundi kwa hofu tangu asubuhi.

“Mama, panda.”

Mama akateleza, kifua kikaelekea usukani. Kiganja cha fundi kilikuwa tayari begani pake.

“Mukono mufupi, amotisa murefu. Ku muteremuko njo vile.”

Akaifungua ile amotisa, akaiweka kwenye kigoda chake, akaikalia.

“Mais fundi, ile ni yangu,” Bénite akanung’unika.

“Njo maana niko naikalia.”