Jina la Joshua Ndahani

Mtu akimuuliza Edina anafanya kazi gani, alikuwa na jibu fupi la kumtoa njiani: "Nafundisha sheria." Aliyeng'ang'ania aliambiwa zaidi, kwamba anaandika tasnifu ya udaktari kuhusu nchi ambazo mtawala akikohoa, kikohozi chake kinageuka sheria. Watu walicheka, wakatazama nyuma kidogo, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Alikulia Kikuyu, mjini Dodoma, kwa mama yake Klara, mwalimu wa shule ya msingi. Tasnifu aliiandika kwenye meza ya kulia chakula, na joto la Novemba likizidi alitumbukiza miguu kwenye beseni la maji akaendelea. Hoja yake kuu aliipenda mno, akiwasomea hata wageni waliokuja kuazima ungo. Alisema kwamba katika nchi za namna hiyo amri nyingi hazitolewi kabisa, kwa sababu hazihitajiki. Watu hujikata ulimi wenyewe, kisu kikiwa bado kimo alani.

Mifano ya nchi za mbali alikuwa nayo tele. Msimamizi wake, Dokta Halfani, akamtaka alete na wa nyumbani, kutoka miaka ile watu walipohamishiwa vijijini. Edina akaenda Mlali kwa bibi yake Raheli, mama mzazi wa Klara. Hakutarajia kupata la maana. Alitaka tu kujaribu kinasa sauti alichoazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hako kadude ndiko kanasikia?"

"Kanasikia kila kitu."

"Haya, kasogeze."

Katika ukoo ilijulikana kwamba babu Joshua, mume wa Raheli, alikwenda kutafuta kibarua mbali akapotelea huko. Edina alikua na hadithi hiyo, hakuwahi kuitilia shaka. Siku ile, huku akipepeta uwele, Raheli alisema mengine.

Wanamgambo walipokuja kuwahamisha, Joshua alikuwa juu ya tembe lake akiziba paa kwa udongo. Majirani walikuwa wameanza kutoa vyungu nje. Joshua, aliyejifunza kusoma misheni, alishuka, akawasalimu wale watu vizuri, kisha akauliza, "Sheria inayosema nihame iko wapi? Nionyesheni, niisome." Hakugoma wala hakutukana. Walicheka, wakamwambia apande gari akaonyeshwe. Alipanda mikono ikiwa bado na udongo, na hakurudi. Hata mwili haukurudi.

"Na majirani, bibi?"

"Walikuwa wanafunga vyungu."

"Na wewe?"

Raheli alipepeta kwa muda mrefu kuliko uwele ulivyohitaji. "Alinitazama. Nikajifanya namfunga vizuri mama yako mgongoni. Mmoja wao akaniuliza, 'Huyu mumeo ana matatizo gani?' Nikamwambia simjui sana, ndio kwanza tumeoana."

Edina alizima kinasa sauti. Bibi akamwambia akiwashe, bado hajamaliza.

"Sina kaburi lake. Wenzangu wana pa kwenda kufagia, mimi sina. Wewe unaandika kitabu. Weka jina lake humo, lote, Joshua Ndahani, nami nipate mahali pa kuweka mkono."

Edina akaahidi, tena kwa kiapo.

Na hapa tusidanganyane: taratibu za utafiti zilimruhusu. Marehemu aliweza kutajwa familia ikikubali, na familia yenyewe ilikuwa bibi, mama yake na yeye; Klara naye, aliposimuliwa, alikubali. Alirudi Kikuyu akaandika yote, paa, udongo, lile swali, na jina. Dokta Halfani alisoma sura ile taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Wanafunzi wake walimpenda, naye aliwapigania.

"Umeandika vizuri sana, Edina," alisema. "Ila hili jina, lina ulazima?"

Hakusema alitoe. Aliuliza tu, akaendelea na chai yake.

Edina alikuwa na ajira ya mkataba, na mkataba ulikuwa unakaribia kwisha. Aliwaza nani atasoma, nani atamwonyesha nani, na nani atauliza. Akatoa jina, akaweka "mkulima mmoja." Kesho yake akaona mke naye anaweza kutambulika, akamtoa. Kisha akatoa paa, kisha swali. Mwishowe ilibaki aya fupi, safi, isiyo na mtu ndani yake. Msomi mzima, mwenye sura nzima juu ya watu wanaojikata ulimi, na hakusikia hata makali ya kisu! Ukimwuliza leo nani alimkataza, hana wa kumtaja.

Udaktari akaupata. Kitabu kilipotoka kwa mjalidi, kizito, cheusi, chenye maandishi ya dhahabu, alikipeleka Mlali, ambako Klara alikuwa amehamia kumtunza mama yake. Raheli alinawa mikono kwanza, akaifuta kwa khanga.

"Nionyeshe alipo."

Bibi hakujua kusoma, na kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Edina alifungua ukurasa uliojifungua wenyewe, akamshika bibi yake mkono, akauweka juu ya mstari. "Hapa, bibi."

Raheli alikilaza kiganja chake chenye nyufa, hakukiondoa upesi. "Joshua," alisema. "Nimekuona." Kisha akamshukuru mjukuu wake, akambariki. Edina alitoka nje akajifanya anatafuta mtandao. Alikuwa amempaka bibi yake mafuta kwa mgongo wa chupa, na alijua.

Raheli alikufa mvua zilipoanza. Msibani ukoo ulimtaka daktari wao asome historia ya marehemu. Klara ndiye aliyeiandika, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Edina alisoma kuzaliwa, akasoma ubatizo, akafika kwenye mstari usemao: *Aliolewa na Joshua Ndahani, aliyechukuliwa na wanamgambo kwa kuuliza sheria.* Mstari wa mbele, kwenye viti vya plastiki vyenye mito, alikaa mkubwa mmoja wa serikali aliyekuja kutoa pole. Alikuwa anasikiliza kwa upole kabisa.

"Mumewe alimtangulia," Edina alisoma, akapita.

Baada ya kuzika, Klara alimkuta nyuma ya jiko, peke yake.

"Ulipita mstari."

"Mama, machozi yalinizuia kuona."

"Hapana, mwanangu." Klara hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Siku ile ulipoleta kitabu, ulipoondoka tu, alinipa nimsomee tena. Nilikipekua kutwa nzima. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini jina la baba yangu nalijua likiandikwa."

Edina alikaa juu ya kuni. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Mwache mtoto, usimwambie kitu. Kaogopa. Hata mimi niliogopa, na mimi ndiye niliyekuwa mkewe.' Halafu akaniomba kitabu. Kila jioni alikifungua akaweka mkono pale pale ulipomwonyesha, mpaka siku aliyokufa."

Edina alilia kilio cha mtu asiyekuwa na wa kumwomba radhi. Klara alimshika bega, hakumwambia anyamaze.

Kutoka uwanjani kipaza sauti kiliita. "Daktari Edina, Daktari Edina, tunaomba usogee huku mbele. Mheshimiwa angependa kukusalimia kabla hajaondoka."

Edina alifuta uso kwa ncha ya khanga. Akasimama, akajifunga vizuri, akaenda.