Msafara Ambao Haukutoka Kwihara

Mchezo wenyewe hauna ubao. Watu mnakaa mezani, mmoja anasimulia dunia ya kubuni, wengine mnaishi ndani yake: wewe mganga, wewe mpiga mishale, joka likitokea dadu ndiyo inaamua kama umelikata shingo au limekumeza. Nilijifunza mchezo huu Dar kwa watu niliopanga nao nyumba moja, nikaurudisha Tabora nikiwa nimeubadilisha. Ngome zao za mawe na farasi sikuwa na kazi navyo. Niliweka msafara wa zamani unaotoka Kwihara, unapita Urambo, unavuka Malagarasi na kushuka Ujiji ziwani. Njiani nikajaza majitu, fisi wanaoongea na miti ya miyombo inayohama usiku.

Tulicheza Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, nyuma ya duka langu la vipuri vya baiskeli. Mimi msimulizi. Jirani yangu fundi cherehani, mama wa Kimoraviani asiyekubali kitambaa mpaka akivute pande zote, alikuwa mganga. Rafiki yangu muuza asali, niliyekua naye Igalula, alikuwa kirongozi, mtu anayetangulia mbele ya msafara akipiga kengele. Kengele nilimpa ya baiskeli, mpya, ilikaa mbele yake mezani. Msafara ukitoka, ataipiga.

Ziwa nililiweka kwa ajili yake. Tulipokuwa wadogo tuliuza karanga stesheni, na kila treni ya Kigoma ilipoondoka alisema iko siku atapanda akaone maji yasiyo na ng'ambo. Hakupanda. Mimi pia sikupanda. Sasa mke wake alikuwa amepata kazi Mbeya, wanahama nyumba nzima, na jinsi ninavyomjua, akifika mahali ndiyo amefika, harudi. Nikasema basi, kabla hajaondoka nimfikishe ziwani kwenye meza yangu. Nilikaa dukani miezi nikilitengeneza lile ziwa kichwani, mteja akiuliza spoku namjibu nikiwa majini.

Hawakutoka hata geti la Kwihara.

Walikuwa wanajiandaa. Kwa kuwa msimulizi ndiye anakuwa kila mtu wanayekutana naye, mimi ndiye nilikuwa mwenye punda, mpagazi, muuza chumvi na mkewe. Na siwezi kuuza punda kwa bei ya kwanza, hata awe wa kubuni. Nikitaja shanga, ndizo fedha za msafara, wao wanataja nusu, natoka, naitwa, narudi. Ilikuwa tamu, sikatai. Lakini Jumapili moja nzima ilikwisha kwenye michembe ya kula njiani. Fundi aliionja kwanza, akauliza viazi vilikatwa na nani na vilianikwa juu ya mwamba au chini kwenye vumbi. Wachezaji wa Dar wanaokwenda kupigana na joka hawaulizi hivyo. Jumapili nyingine rafiki yangu akasema hawezi kuondoka bila kuaga ukweni. Ikabidi niwe mama mkwe. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikampa kuku wa safari. Kisha wakabishana mpaka jioni nani atabeba kuku. Joka langu lilisubiri ng'ambo ya Malagarasi mpaka nikaanza kulionea huruma.

Jumapili ya mwisho rafiki yangu alikuja na mikono yenye alama za kamba. Alikuwa anafunga mizigo, lori linaondoka kesho yake alfajiri. Nikaamua kukata mzizi wa fitina. Nikatangaza kwamba mtemi, mtawala wa pale, amefurahi, anawapa punda, wapagazi na mitumbwi, geti liko wazi, tokeni.



"Kwa shanga ngapi?" rafiki yangu akauliza.

"Bure."

"Bure, wewe?"

"Si mimi. Mtemi."

Fundi akaweka sindano chini. "Mtemi ana sauti yako, kaka. Na wewe gololi za baiskeli unazihesabu mara mbili kabla hujampa mtu. Leo unagawa punda?"

Ikawa kazi mpya. Wakakagua punda meno. Wakarusha dadu kuona kama wana uchawi, dadu ikasema hawana. Hiyo ndiyo ikawatia hofu zaidi. Fundi akasema uchawi wa maana haujionyeshi. Wakamhoji mtemi juu ya ukoo wake. Kivuli cha paa kilishafika kwenye magurudumu yaliyoegemea ukuta. Nikajaribu kurudisha bei, wapate cha kubishania kisha tumalize. Rafiki yangu akamkonyeza fundi: "Umeona? Tumeshtuka, kapandisha."

Mwisho nikatoka nje ya mchezo kabisa. Nikawaambia hakuna mtego, watoke tu, muda wenyewe haupo.

Rafiki yangu akanishika bega. "Tulia, mwanangu. Tukishapanga vizuri, kutoka ni dakika moja."

Simu yake ikaita. Mkewe alisema dereva anataka turubai lifungwe kukiwa na mwanga. Akasimama, akairudisha kengele kwenye rafu pamoja na kengele nyingine, akaniomba nimwekee msafara hapo hapo getini, akirudi tunaendelea. Ile kengele niliiuza wiki hiyo hiyo. Sikupunguza bei.

Fundi alikuja Jumapili mbili zaidi, tukanywa chai, tukaacha.

Mvua zilipokatika rafiki yangu akapiga simu. Tuliongea habari za watoto, asali, baridi ya Mbeya. Kisha akauliza, kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau kwa jirani, "Hivi kule ziwani ulikuwa umeweka nini?"

Nilikuwa nimeweka wapagazi waliozama, wamepanga mstari chini ya maji, mizigo bado iko mabegani. Hawawezi kuitua mpaka wasikie kengele ya kirongozi wao. Yeye angeipiga, nao wangetua mmoja mmoja, ufukwe mzima, na kila mmoja angemsalimia. Salamu zote nilikuwa nazo kichwani.

Ningeweza kumwambia. Lakini nilishampa bure mara moja, nikaona alivyopokea.

"Hakukuwa na kitu," nikamwambia. "Maji tu."

Akacheka kwa raha, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. "Si nilisema? Nilijua tu ni mtego. Bora hatukutoka."

Kisha akauliza tairi Tabora siku hizi zinauzwaje. Nikamtajia bei ya juu, nikasubiri ataje nusu.