Siku Ambayo Mgeni Hakuja

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa stoo, na Mzee Philipo alilisoma mara tatu, kidole kikifuata maneno. Hospitali inatafuta mhandisi wa kuratibu majaribio ya ustahimilivu wa mifumo. Aliyetunga jina refu namna hiyo bila shaka alikuwa ameshakula. Mwishowe Philipo akamwomba nesi Kristina amfafanulie Kiswahili hicho kwa Kiswahili.

"Ni mtu wa kuzima vitu makusudi, Baba," Kristina alisema. "Umeme, maji, oksijeni, kompyuta za mapokezi. Anazima, anaangalia tunachukua muda gani kusimama tena, halafu anatuambia tumelegea wapi."

"Na jenereta?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza."

Philipo aliushika ufunguo uliokuwa ukining'inia kwenye mkanda wake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza jenereta wa hospitali hiyo ndogo ya misheni, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Nduguti, na hakuna aliyewahi kuingia nyumba ya jenereta bila yeye. Sasa anakuja msomi kupekua. Aliogopa jambo moja tu, kunyang'anywa ule ufunguo.

Na sababu aliijua mwenyewe. Jenereta ile ilitakiwa ijiwashe yenyewe umeme unapokatika, lakini betri yake ilikuwa imekufa, huu mwaka wa pili. Wakaguzi walipotangaza ziara, Philipo alifanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri hufanya akisikia mgeni yuko njiani. Alifagia, akapaka kuta chokaa, akaenda kuazima. Mkewe Eliza aliazima sahani kwa jirani na kuchinja jogoo. Philipo aliazima betri ya trekta la Chediel, mkulima wa pale kijijini. Wageni walikula, mashine ikanguruma, wakaandika kwamba jenereta ni nzima. Kwa hiyo barua yake ya kuomba betri mpya ilijibiwa kwa mstari mmoja: jenereta ni nzima, ripoti inasema hivyo. Philipo alicheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Hakuandika tena. Angeanzaje kusema kwamba aliwadanganya wageni?

Siku nyingine zote, umeme ukikatika, alikimbia kwa Chediel. Taa zilipochelewa kurudi, Daktari Paschal, mganga mfawidhi, alikuwa akisema kwa upole kwamba mzee wa watu ameanza kuchoka miguu. Philipo alimeza na hilo.

Waombaji watatu wa kazi waliitwa siku moja, kila mmoja aendeshe jaribio mbele ya daktari. Betri ya Chediel ilikuwa imeshafungwa tangu asubuhi. Wa kwanza alizima swichi kuu, taa zikarudi baada ya sekunde kumi na moja, akapiga picha na kusifu. Wa pili vivyo hivyo, naye akausifu na mchuzi wa Eliza.

Wa tatu alikuwa binti wa Kinyaturu kutoka Mandewa, Rukaiya Mughwai, viatu vimejaa vumbi. Yeye alianzia wodi ya watoto wachanga, akamwuliza Kristina kama kuna mtoto kwenye kitanda cha joto. Walikuwamo wawili.

"Naomba wahamie vifuani kwa mama zao kwanza, dada. Ndipo nizime."

Halafu akaja nyumba ya jenereta.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana, kila kitu kiko tayari."

Rukaiya alichuchumaa. Sakafu ilikuwa imefagiwa hata ungeweza kulia chakula juu yake, lakini kwenye betri maganda ya alizeti yalikuwa yamegandia kwenye grisi, kama ilivyo kwa vyombo vya shambani. Aliyatazama kwa muda.

"Baba, siku ambayo mimi sijaja, huwa inawakaje?"

Daktari Paschal alitazama saa. "Ripoti zote zinasema ni nzima, dada. Endelea tu."

"Ningeomba tuijaribu kama siku ambayo sikuja," Rukaiya alisema taratibu. "Kama haiwezekani nitazima hivi hivi, nishukuru, niondoke."

Hakumkodolea macho mzee alipokuwa akisema hayo. Alimwachia mlango wazi, na Philipo aliuona na kuutamani. Angenyamaza tu, ufunguo ungebaki kwenye mkanda wake.

Lakini aliikumbuka ile siku ya Aprili. Upepo ulikuwa umeangusha nguzo, naye akakimbia kwa Chediel akakuta trekta liko mashambani. Alirudi na betri begani baada ya dakika arobaini. Wodini watoto watatu walikuwa vifuani kwa mama zao, na wa nne, ambaye mama yake alikuwa chumba cha upasuaji, alikuwa ndani ya gauni la Kristina, kichwa tu kikichungulia. Wote walipona. Kristina hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomfanya Philipo aende nyuma ya nyumba ya jenereta akalie.

Alichukua spana. Akafungua betri mwenyewe, akaiweka chini miguuni pa daktari.

"Hii ni ya trekta la Chediel," alisema. "Ya kwetu ile pale kwenye kona."

Akaifunga ile iliyokufa. Rukaiya akazima swichi kuu. Mashine ilitoa mlio mdogo kama mtu anayesafisha koo, ikanyamaza. Walisimama gizani dakika nzima, kisha Rukaiya akarudisha umeme.

"Mzee," Daktari Paschal alisema, "miaka yote miwili?"

"Walikuwa wageni, Daktari. Ningewaonyeshaje aibu ya nyumba?" Alifungua ufunguo mkandani, akanyoosha mkono kuwapa. "Chukueni."

Daktari alitazama chini. "Na mimi nilikuwa nasema umechoka miguu. Nisamehe, Mzee."

Ni Rukaiya aliyeushika ule mkono, akaukunja vidole juu ya ufunguo. "Kaa nao, Baba. Wewe ndiye utakayenifundisha mashine hii inaumwa wapi."

"Nyie Wanyaturu," Philipo alisema huku akifuta macho, "mnajua kuuliza mpaka mtu avue shati."

Kazi alipewa Rukaiya. Betri mpya ilifika baada ya wiki tatu.

Jumanne moja mchana Philipo alikuwa kwake, jirani na uzio wa hospitali, anakula. Redio ya Eliza, iliyotumia umeme wa hospitali, ikanyamaza. Alikurupuka na tonge mkononi, lakini kabla hajafika getini akasikia mashine ikinguruma peke yake. Rukaiya alikuwa amesimama nje ya wodi, simu mkononi.

"Sekunde kumi na tatu, Baba. Watoto wote wazima."

"Mbona hukuniambia unakuja kuzima?"

"Ningekuambia, ungenichinjia kuku."

Philipo alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akampeleka nyumbani kwake. Eliza alipowaona alishika kichwa. Hakuwa na kitu ila ugali wa uwele na mlenda wa asubuhi, na sahani yenyewe ilikuwa ile iliyobanduka rangi. Akajifunga kanga kwenda kwa jirani.

"Rudi ukae, mama watoto," Philipo alimwambia. "Huyu si mgeni."

Rukaiya alinawa mikono, akasogea kwenye sahani.