Ansamble ya Buluu ya Kupandia Ndege

Kama kati yenu kuna mama wa kwaya yetu, naomba atoke kwanza akacheke huko nje, akimaliza arudi, maana hii habari wanaijua wote na kila mmoja anaisimulia anavyotaka, na miye nimechoka kusikia watu wakiongeza chumvi juu ya aibu yangu. Leo nitaisema mwenyewe, namna ilivyokuwa.

Mutoto wangu Serge alioa Lubumbashi, na siku ya ndoa sikuweza kwenda sababu baba yake alikuwa mugonjwa, kwa hiyo wakwe zetu walikuwa hawajaniona hata siku moja, wananisikia tu kwa telefoni. Sasa muke wake Carine akazaa, mujukuu wangu wa kwanza, wakasema Mama Serge aje kwa batizo, na aje kwa ndege! Miye, mujue, hapa Kalemie si mutu wa kuvaa ovyo, mama akitaka kushona anapita kwanza kwangu aulize mikono ikatwe namna gani. Na nilikuwa nimesikia (Serge alikana, lakini nilisikia) kwamba kule kwa wakwe wanatuita sisi wa kando ya ziwa "wale wa samaki". Nikasema, ngoja wale wa samaki wafike.

Fundi akanishonea kikwembe cha kitenge kipya, njano na zambarau, kimebana toka kiuno mpaka magotini, mikono imesimama kama mabawa. Kizuri! Taabu ilikuwa kukaa. Nilijaribu kukaa kwenye kiti pale nyumbani, pumzi ikagoma, na binti yangu Nadine aliyekuwa ananifunga mugongoni akasema, "Mama, utakaa ndani ya ndege na hii? Watu ya ndege hawavae hivi. Wanavaa ansamble ya kulegea, shati na suruali ya kufanana, kitu laini, wakifika njo wanabadilisha." Akanionyesha hata foto kwenye telefoni, wanawake wembamba wanavuta valizi, suruali zinapepea.

Basi nikaamua jambo moja dogo tu: kikwembe kiingie ndani ya valizi, miye nivae kitu cha kulegea, na nikifika nibadilishe kwa choo cha uwanja wa ndege kabla Serge hajanipeleka kwa wakwe. Nani angeona ubaya hapo?

Sokoni kuna muuzaji anayeleta nguo za mutumba toka Kigoma, akanitolea ansamble ya buluu ya maji, laini kama shavu la mutoto, suruali pana, shati la mikono mirefu, vifungo vyeupe, kamba nyembamba nyeupe imezunguka kola, na kamufuko kadogo kwenye kifua. "Mama, hii ni ya safari kabisa," akasema na Kiswahili chake cha ng'ambo, "ukiivaa utafika hujachoka." (Na hapo hakudanganya.)

Asubuhi ya safari nikaivaa, nikaongeza kitambaa kikubwa cha kichwa, sandali za rangi ya dhahabu, miwani ya jua na marashi ya kutosha ndege nzima. Nadine akanizunguka, akasema polepole, "Mama, si imelegea sana?"

"Si weye njo ulisema ya kulegea?" nikamujibu.

Ndani ya ndege nilijiona malkia. Papa mmoja alikuwa na suti na tai, anatoka jasho kama samaki juu ya moto, na mama niliyekaa naye alikuwa amevaa suruali ya kubana mpaka nikamuona anafungua kifungo kwa siri chini ya sakosi aliyoipakata. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mama, weye unajua kusafiri." Nikatikisa kichwa kama mutu aliyezaliwa angani (na ilikuwa mara yangu ya kwanza, na dakika iliyopita nilikuwa nimemushika mukono kwa nguvu zote). Kisha nikalala. Nililala usingizi ambao hata kwangu siupati, mpaka magurudumu yakagonga chini, nikaamka kitambaa kimeangukia sikio moja, mate yamekauka kwenye shavu, na mistari ya kiti imejichora usoni.

Valizi haikuja. "Ndege ilikuwa nzito, Mama, mizigo ingine itafuata," wakatuambia. Nikajituliza: Serge atakuwa peke yake, nitapita dukani, nitapanga mambo. Nikavaa miwani yangu, nikainua kidevu, nikatoka kwa maringo.

Kumbe nje ukoo wote wa wakwe ulikuwa unaningoja! Wamevaa sare, kuna maua, kuna mupiga foto, wanaimba na vigelegele, na mbele yao Mama Antoinette, mama yake Carine, amenyooka kama nguzo ya kanisa. Wakaniona, na wimbo ukakatika katikati ya neno. Miye, jamani, nisiwadanganye, nilifikiri wameshangaa uzuri.

Mama Antoinette akanikimbilia, akanishika kiwiko. "Mama Serge! Pole, pole sana! Unajisikia namna gani?"

Miye nikawaza juu ya kikwembe changu kilichobaki Kalemie, nikataka kisingizio cha kutokung'aa, nikasema, "Eh, kichwa kinazunguka kidogo. Ni ndege."

Laiti ningesema ninasikia njaa! Wakaanza kuangaliana. Serge akatoweka, akarudi anasukuma kiti cha magurudumu, na miye nikafikiri njo heshima wanayopewa mama wakwe wa Lubumbashi, nikakaa, nikakunja mguu mmoja juu ya mwingine, nikawapungia mukono. Mama mmoja nyuma akaanza kulia. Nikafikiri ni furaha.

Ndani ya gari Mama Antoinette alinipepea njia nzima. Tukasimama mbele ya dispansari, nikajua Carine ameleta mutoto kupimwa kilo, nikauliza, "Mujukuu wangu iko hapa?"

"Utamuona, Mama," Serge akasema. "Kwanza upone."

"Nipone nini?"

"Mama, usijichokeshe na maneno."

Munganga akanipima tansio, presha ya damu, na ilikuwa juu kweli, maana na miye nilikuwa nimeanza kuogopa: labda wameona kwenye uso wangu ugonjwa ambao sijaambiwa. Wakanilaza kitandani. Kwa kitanda cha pembeni kulikuwa na mama mugonjwa, amegeukia ukuta. Akasikia kelele, akageuka. Buluu ya maji. Vifungo vyeupe. Kamba nyeupe kwenye kola. Kamufuko kifuani.

Akanichekea kwa huruma. "Mama, pijama zetu ni mapacha. Hii haibane mutu akilala, eh?"

Pijama. Nikashika kola yangu, nikashika ile suruali, nikakumbuka yule wa sokoni, nikakumbuka maringo yangu, na vigelegele vilivyokatika, na ule mukono niliopunga. Neno lile lilinishukia polepole, tone kwa tone, na wakati huohuo munganga akaja na serumu yenyewe, chupa ya kunitundikia, sindano mukononi.

"Papa munganga, weka chini!" nikaruka toka kitandani. "Sina ugonjwa! Miye nimevaa vibaya!"

Nikawaeleza yote. Mama Antoinette akaangalia sandali zangu za dhahabu, akaangalia mama wa pembeni, akaniangalia miye, midomo ikaanza kumutetemeka, halafu yule mama aliyenyooka kama nguzo akakaa chini, sakafuni, akacheka mpaka kitambaa kikamutoka kichwani, na mugonjwa wa pembeni anashika tumbo, "Mama, usinichekeshe, wamenipasua juzi!" Serge peke yake hakucheka. Akasema, "Mama, nimeshamupigia Papa."

Tukapiga telefoni Kalemie haraka. Kumbe uwanja wa nyumba yetu ulikuwa umejaa, kwaya imetandika mikeka, wanaomba, na Papa Serge ameweka telefoni kwa sauti kubwa wote wasikie.

"Papa Serge, siko mugonjwa. Nilivaa pijama."

"Ulivaa nini?" Sauti ilikuwa inakatika.

"Pijama!"

"Nini?"

"PIJAMA!" nikapaza sauti, na dispansari yote ikasikia, na kule Kalemie kwaya yote. Kisha nikasikia sauti ya kwanza ikiachia kicheko, nikaijua, ni mama wa soprano, wengine wakafuata, na nyuma yao Papa Serge anasema kwa uchungu, "Na hawa watu wote nimeshawapikia."

Kwenye batizo Mama Antoinette aliniazima nguo yake, akanishika mukono, akanitembeza kwa kila mutu: "Huyu njo mugonjwa wetu wa Kalemie, amepona." Mpaka leo tunapigiana telefoni kila Jumapili, na salamu yake ya kwanza ni kuuliza nimevaa nini.

Lakini miye nimejiapiza. Nguo yoyote ya safari, kabla watu hawajaiona, ninaivaa chumbani, ninafunga mulango, ninalala kitandani, ninafumba macho. Usingizi ukinikujia, ninaivua palepale, ninatafuta ingine ya kunisumbua kidogo, sababu mama anayesumbuliwa na nguo yake, hakuna mutu anayemuletea kiti cha magurudumu.