Ratiba ya Norwei

Safari ya Norwei niliipanga mimi. Nalisema mapema kwa sababu kwenye picha zilizotundikwa sebuleni kwetu, Malton, pembeni mwa Toronto, mimi simo, na wageni wakiziangalia humpongeza mume wangu.

Binti yetu alikuwa anamaliza sekondari. Zawadi aliyoitaka ni kwenda kuona jua lisilozama, maana kaskazini ya Norwei wakati wa kiangazi usiku hauingii. Yeye kazaliwa hapa Toronto, ana pasi ya Kanada. Baba yake aliapa kiapo cha uraia zamani, naye anayo. Hao wawili walihitaji tiketi na miswaki. Mimi nilikuwa bado na pasi ya Tanzania, na mwenye pasi hiyo haingii Norwei bila viza, hata awe ameishi Kanada mpaka mvi zikamtoka.

"Asiyesikia la mkuu," mume wangu alisema, akaniachia nimalizie mwenyewe.

Kila mwaka alikuwa akinihimiza niape. Nchi yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa huku, wa kule umeuacha. Mama yangu yuko Tanga, na sikutaka kwenda kwake kama mtalii. Sababu yangu ilikuwa hiyo tu. Mume wangu aliita ukaidi. Haya, ukaidi.

Basi nikaomba viza. Wanataka uijue safari yako yote kabla hujaruhusiwa hata kuiota: hoteli za njia nzima, bima, taarifa za benki, barua ya mwajiri, na ratiba. Kila nikitoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nilikaa jikoni nikaipanga Norwei. Nikajua kwamba treni ya kutoka Oslo kwenda Bergen ukae upande wa kushoto. Nikajua Bergen mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea. Nikajua boti za kwenye ghuba nyembamba zilizobanwa na milima, na kwamba huko juu kaskazini bila pazia zito hulali. Wenzangu wa safari hawakujua hata pesa ya huko inaitwaje, na hakuna aliyewauliza.

Nilipokwenda mjini kutoa alama za vidole, mashine haikuzisoma. Mhudumu akaniambia nibonyeze zaidi. Vidole vyangu vimechakaa kwa sabuni na kwa kuosha watu.

Wakanikataa. Walisema wana shaka kama nitaondoka viza ikiisha. Nilisoma jibu nimesimama, koti la baridi bado mwilini, nikacheka vibaya. Nina mume, nina mtoto, nina vikongwe wanaonisubiri asubuhi niwavishe soksi. Nibaki Norwei nikafanye nini, nikaanike samaki? Halafu nikalia, na nililia kwa hasira.

Nilingoja mmoja wao aseme basi, tuahirishe. Hata angesema kwa kunipoza tu, ningemwambia hapana, nendeni. Hakusema mtu. Binti yangu, kwa Kiingereza chake, akaniambia, "Mama, uraia ni karatasi tu." Kiswahili anakielewa chote, ila kunijibu kwacho ni hadi atake kitu.

Wakaenda, na ratiba yangu mkononi. Kupika nilipika mimi, kula wakala wao. Uwanja wa ndege uko jirani kwetu, ndege zinapita juu ya paa, kwa hiyo siwezi kusema sikuisikia yao. Walinitumia picha usiku wa manane wa huko, jua bado linawaka juu ya bahari na wao wamevaa miwani. "Ratiba yako haina kosa," mume wangu aliandika. Nilitamani kumtukana, nikamwandikia wavae makoti wakirudi Bergen.

Mwaka uliofuata niliapa. Nilichoka kuwa mtu wa kubaki. Ukumbini walipiga makofi, nikapewa bendera ndogo, na mume wangu akafurahi mno, nikamchukia kwa furaha ile hadi jioni.

Haukupita muda mrefu mama akaanza kuugua miguu. Nikaomba viza ya kwenda kwetu, na hiyo nilipewa bila taabu. Nilipotua Dar es Salaam nilikuwa na usingizi, miguu ikanipeleka yenyewe kwenye foleni ya raia, ile niliyoizoea miaka yote. Askari wa uhamiaji alikuwa msichana mdogo, umri wa binti yangu. Akaishika pasi yangu mpya, akaitazama, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," alisema. "Wageni ni foleni ile pale."

Nikaitikia marahaba, nikabeba mkoba wangu, nikaenda kujipanga nyuma ya watalii.