Gia Ilipohamia Kushoto

Zipo pikipiki za zamani ambazo gia yake iko mguu wa kulia. Ukitaka ihamie kushoto, Dodoma nzima utaelekezwa kwangu, na darasa la saba sikumaliza. Juzi nilikuwa nachomelea pedali ya namna hiyo kwenye gereji yangu ya Ihumwa, harufu ya grisi inayoungua ikanirudisha kwetu, utotoni.

Baba alikanyagwa na ng'ombe, kifundo cha mguu wa kulia kikagoma kupinda. Akafunga nondo kwenye pedali ya gia, ikapanda hadi usawa wa tangi. Mimi nakaa mbele yake, naivuta.

"Tia mbili, baba," ananiambia. Natia. Wenzangu wanachunga mbuzi, mimi naendesha pikipiki.

Siku moja fundi mmoja akachomelea chuma kikapita chini ya injini, pedali ikatokea kushoto, kwenye mguu mzima. Nondo yangu akaikata.

"Dereva, kazi imekwisha," akanitania.

Baba akaijaribu peke yake, akarudi anacheka. Nikakimbilia tangi.

"Nyuma, baba," akaniambia. "Sasa wewe ni abiria."

Nikapanda nyuma. Hadi tunafika mnadani sikuiona barabara, niliona shati lake tu.